Siyo Kila Giza la Mzee ni Uzee

Katika vituo vya kisomo tunavyotembelea tunakuta jambo moja linalotusikitisha. Wapo watu waliojifunza kusoma kwa juhudi kubwa. Walikwenda darasani jioni, baada ya kutoka shambani. Walisoma kwa taa ya chemli. Wakafaulu. Leo hawasomi tena. Ukiwauliza kwa nini, wanajibu, "Macho yamekwisha. Ni uzee tu."

Tufanye hesabu kidogo. Mtu aliyefanya mtihani wa taifa wa kisomo mwaka 1975 akiwa kijana wa miaka 20, leo amefika miaka 70. Na hata hawa waliohitimu juzi, wengi waliingia darasani wakiwa na miaka 40 au 50. Huo ndio umri ambao macho huanza kubadilika. Kwa hiyo jambo hili linatuhusu sisi sote tunaosoma gazeti hili.

"Ni uzee tu." Maneno haya matatu yamewaweka watu wengi gizani bure. Ni kweli, macho huchoka kama magoti yanavyochoka. Lakini magonjwa mengine ya macho ya wazee yanatibika kabisa. Mengine hayaponi, ila yanaweza kuzuiwa yasiendelee. Na shida nyingine inamalizwa na miwani tu. Tatizo ni kwamba yote tunayaita uzee, kisha tunakaa kimya.

Leo tutayaeleza moja moja. Msomee na mzee wa nyumbani kwako ambaye hawezi tena kuliona gazeti hili.

JICHO LINAFANYAJE KAZI?

Fikiri nyumba yenye dirisha moja dogo. Mwanga unaingia dirishani, unaangukia ukuta wa nyuma.

Jicho ni hivyo hivyo. Mbele kuna kioo cheupe kisafi, mwanga unapita. Kisha kuna mboni, ile duara nyeusi. Mboni ndiyo tundu la dirisha. Nyuma ya mboni kuna lenzi. Lenzi ni kama kioo kidogo laini, kazi yake ni kukusanya mwanga ili picha iwe wazi. Nyuma kabisa kuna ukuta unaopokea picha. Ukuta huo unaitwa retina. Kutoka kwenye retina kuna mshipa wa fahamu unaopeleka habari kwenye ubongo.

Sasa, katikati ya ukuta huo wa nyuma kuna sehemu ndogo sana. Ni ndogo kuliko punje ya mchele. Wataalamu huiita makula. Sisi tutaiita kitovu cha retina. Kitovu hiki ndicho kinachosoma herufi, kinachotambua sura za watu, kinachotunga uzi kwenye sindano. Sehemu nyingine za retina zinaona pembeni tu, yaani zinakuambia kuna kitu kinapita, lakini hazikuambii ni nani.

Shikeni vizuri sehemu hizi: lenzi, mshipa wa fahamu, na kitovu cha retina. Kila moja ina ugonjwa wake.

KWANZA: HERUFI ZA KARIBU HAZIONEKANI

Hili siyo ugonjwa. Ni badiliko la kawaida linalompata karibu kila mtu kuanzia miaka 40 hivi. Lenzi inakuwa ngumu, haikunjuki tena vizuri. Mambo ya mbali unayaona, ya karibu yanafifia.

Dalili zake mnazijua. Mtu anashika gazeti, analisogeza mbali, mbali zaidi, mpaka mkono unakwisha. Mama anachambua mchele, lakini mawe yanamponyoka. Fundi cherehani anamwita mtoto amtungie uzi. Mkulima hawezi kusoma maandishi madogo kwenye chupa ya dawa ya mifugo, hivyo anakisia kipimo. Hapo ni hatari.

Wataalamu waliwapima watu wa miaka 40 na zaidi katika vijiji vya Kongwa, mkoani Dodoma. Matokeo yalitangazwa mwaka 2006. Watu 6 katika kila 10 walikuwa na shida hii.

Dawa yake ni miwani ya kusomea. Miwani hii ina namba, kama vile 1.00, 1.50, 2.00, na kuendelea. Kwa kawaida namba inapanda jinsi umri unavyopanda. Ukipewa ya kujaribu, shika gazeti kwa umbali unaosomea siku zote, kisha chagua namba ndogo kabisa inayokuwezesha kusoma bila kukaza macho. Miwani haiharibu macho, kama wengine wanavyodai. Na ukiivaa ukitazama mbali utaona ukungu. Usishtuke, ni ya karibu tu.

Lakini kabla ya kununua miwani mnadani, afadhali upimwe macho mara moja. Miwani haitakuambia kama nyuma ya jicho kuna ugonjwa mwingine.

Je, miwani ina faida gani kwa mtu wa kijijini? Mwaka 2024 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika vijiji vya Bangladesh, nchi ya Asia. Watu wa miaka 35 hadi 65 waliokuwa na shida hii walipewa miwani ya kusomea. Baada ya miezi minane, kipato chao kilizidi kile cha wenzao wasiopewa kwa karibu theluthi moja. Watu ni wale wale na mikono ni ile ile. Wameongezewa miwani tu.

PILI: MTOTO WA JICHO

Hapa lenzi inaingia ukungu. Ilikuwa safi kama maji ya chemchemi, sasa imekuwa kama maji ya ugali. Mwanga haupiti vizuri. Mtu anaona kama anatazama kupitia moshi. Jua likimpiga usoni anaumia. Mwisho mboni yenyewe inaonekana nyeupe.

Mtoto wa jicho ndiye anayepofusha watu wengi kuliko ugonjwa mwingine wowote duniani. Lakini habari njema ni hii: anaondolewa. Mtu aliyekuwa akishikwa mkono kwenda chooni anaweza kurudi nyumbani akitembea mwenyewe.

Watu wanaogopa upasuaji huu. Tumesikia wakisema, "Wanang'oa jicho, wanalikosha kwenye beseni, ndipo wanalirudisha." Huo ni uongo mtupu. Jicho halitoki mahali pake. Mgonjwa anatiwa ganzi. Daktari anafungua tundu dogo, anatoa lenzi iliyochafuka, anaweka lenzi mpya ya plastiki. Kazi yenyewe mara nyingi haizidi nusu saa. Lenzi hiyo hubaki humo maisha yote.

Zamani wagonjwa waliambiwa, "Subiri mpaka akomae." Siku hizi huna haja ya kusubiri mpaka upofuke. Ukiona kazi zako za kila siku zinakushinda, nenda.

Ukisharudi nyumbani, tia matone ya dawa kama ulivyoelekezwa. Usisugue jicho. Usibebe mizigo mizito wala kuinamia jiko la moshi mpaka daktari akuruhusu. Jicho likiuma sana, au likianza kupoteza nuru, rudi hospitali siku hiyo hiyo.

TATU: PRESHA YA MACHO

Huyu ni mwizi. Haumi, hawashi, hapigi hodi.

Ndani ya jicho kuna maji. Maji hayo huingia na kutoka. Njia ya kutokea ikiziba, maji yanasukuma kwa nguvu na kuumiza mshipa wa fahamu. Mtu anaanza kupoteza kuona kwa pembeni. Katikati bado anaona, hivyo hajui kama anaibiwa. Anajigonga kwenye mwimo wa mlango. Anamkanyaga kifaranga. Watu wanasema, "Mzee amelewa." Kumbe hajaonja hata tone.

Katika uchunguzi mwingine wa Kongwa, uliotangazwa mwaka 2000, watu wapatao 4 katika kila 100 wenye umri wa zaidi ya miaka 40 walikuwa na ugonjwa huu. Hebu hesabu watu wazima wa kijiji chako.

Kilichoibwa na presha ya macho hakirudi. Hakuna upasuaji wala dawa inayorudisha. Lakini kilichobaki kinaweza kulindwa kwa matone ya kila siku au kwa upasuaji. Kwa hiyo mtu asisubiri dalili. Ukifika miaka 40, kapimwe. Na kama baba, mama, au ndugu yako wa tumbo moja anao, wewe uwe wa kwanza kwenda, maana unatembea katika ukoo.

Tena, presha ya macho siyo ile presha ya damu. Unaweza kuwa na moja bila nyingine.

NNE: KUCHAKAA KWA KITOVU CHA RETINA

Ugonjwa huu haufahamiki sana vijijini. Kwa hiyo tutakaa nao kidogo.

Tumesema kitovu cha retina ndicho kinachoona katikati. Kwa wazee wengine kitovu hiki huchakaa. Takataka ndogo ndogo hujikusanya chini yake, kama masizi kwenye kuta za jiko. Polepole kinaharibika.

Ni kinyume cha presha ya macho. Presha ya macho inaanza kuiba pembeni. Huu unaiba katikati na kuacha pembeni.

Sasa tazameni taabu inayotokea nyumbani. Bibi amekaa kibarazani. Mjukuu anakuja, anasema, "Shikamoo, bibi." Bibi anamtazama usoni lakini haitambui sura. Badala ya uso anaona doa la kijivu. Anauliza, "Marahaba. Ni nani wewe?" Mara kuku anapita pembeni kuelekea kwenye mtama, na bibi anapiga kelele, "Swaga! Mfukuze huyo!" Basi watu wa nyumbani wanacheka, au wanakasirika. "Kuku anamwona, mjukuu hamwoni! Anajifanya tu."

Hajifanyi. Kuku alipita pembeni, na pembeni anaona. Uso wa mjukuu uko katikati, na katikati pameharibika. Wapo wazee walioitwa wenye kiburi kwa sababu walipishana na majirani njiani bila kuwatambua. Kumbe ni ugonjwa.

Dalili nyingine ni hizi. Mistari iliyonyooka inaonekana imepinda. Herufi za katikati ya neno zinapotea. Rangi zinafifia. Mtu anahitaji mwanga mkali zaidi ili aone. Jicho haliumi, wala kwa nje halina weupe.

Wengine walidhani huu ni ugonjwa wa Wazungu peke yao. Siyo kweli. Mwaka 2007 na 2008 watu wa miaka 50 na zaidi walipimwa huko Nakuru, nchini Kenya. Watu wapatao 11 katika kila 100 walikuwa na dalili za mwanzo. Mtu kama 1 katika kila 100 alikuwa na ugonjwa uliokwisha komaa. Basi upo na kwetu, na jinsi watu wanavyoishi miaka mingi zaidi, ndivyo tutakavyouona zaidi.

Ugonjwa huu una namna mbili.

Namna ya kwanza ni kavu. Hii ndiyo inayowapata wengi. Huja polepole, kwa miaka. Haina dawa ya kurudisha nuru.

Namna ya pili ni ya maji. Vijishipa vya damu visivyofaa vinaota chini ya retina. Vinavuja maji na damu. Hii ni kali. Nuru ya katikati inaweza kupotea katika siku au wiki chache. Lakini hii ndiyo yenye matibabu: sindano za dawa ndani ya jicho, zilizoanza kutumika katika miaka ya 2000. Msiogope, jicho hutiwa ganzi kwanza. Sindano huzuia vijishipa visiendelee kuvuja, na wagonjwa wengine huona vizuri zaidi kuliko walivyokuja. Zinarudiwa mara nyingi, nazo hutolewa na hospitali kubwa zenye madaktari wa retina. Ukichelewa, panabaki kovu, na kovu halina dawa.

Kwa hiyo kumbukeni hivi: mistari ikipinda ghafla, usingoje mavuno yaishe. Nenda wiki hiyo hiyo.

JIPIME KWA DAFTARI LA HESABU

Kipimo hiki kilitengenezwa na daktari mmoja wa Uswisi, Marc Amsler, katika miaka ya 1940. Ni rahisi. Anayejua kusoma anaweza kukifanya na kuwapima wenzake pia.

Chukua daftari la hesabu la mtoto, lile lenye miraba. Weka nukta moja nyeusi katikati ya ukurasa. Kaa penye mwanga mzuri. Kama una miwani ya kusomea, ivae. Shika daftari mbele yako, umbali wa rula moja ya shule, yaani sentimeta 30.

Ziba jicho la kushoto kwa kiganja. Kwa jicho la kulia tazama nukta tu, usihamishe jicho. Sasa jiulize: Je, nukta naiona? Je, mistari yote imenyooka? Je, kuna mahali miraba imepotea, au pana doa? Kisha ziba jicho la kulia, upime la kushoto.

Ni lazima kupima jicho moja moja. Jicho zima huficha kosa la mwenzake. Wengi hugundua jicho moja limekufa siku vumbi linapoingia katika lile zima.

Kama huna daftari, tazama mwimo wa mlango au mstari wa bati kwa jicho moja moja. Mzee fanya hivi mara moja kwa wiki, labda kila siku ya mnada, ili usisahau. Kumbuka kwamba kipimo hiki hakionyeshi presha ya macho. Kwa hiyo hakikuondolei wajibu wa kwenda kupimwa.

NINI KINACHOCHAKAZA KITOVU?

Umri ni sababu ya kwanza, nao hatuwezi kuuzuia. Ukoo pia, hatuuchagui. Lakini yapo tunayoyaweza.

Sigara. Mvuta sigara ana hatari ya kupata ugonjwa huu mara mbili au zaidi kuliko asiyevuta. Sigara pia huharakisha mtoto wa jicho. Mtu akiacha leo, hata akiwa na miaka 60, hatari inaanza kupungua.

Presha ya damu. Ipime zahanati, na ukipewa dawa, meza kila siku. Usiache kwa sababu unajisikia nafuu.

Chakula. Mboga za majani za kijani, kama mchicha, matembele, kisamvu na majani ya maboga, zina vitu vinavyolinda kitovu cha retina. Samaki nao wanafaa, hata dagaa. Vitu hivi havirudishi nuru iliyopotea, ila husaidia kulinda iliyopo. Kwa hiyo akija mtu na chupa mnadani akasema dawa yake inaponya magonjwa yote ya macho, mwache apite na chupa yake. Vipo vidonge vya vitamini ambavyo madaktari huwapa baadhi ya wagonjwa wa namna hii, lakini ni daktari ndiye anayejua nani vinamfaa.

MZEE AKISHAPOTEZA KATIKATI, TUFANYEJE?

Tusimweke kando kama jembe bovu. Kuona kwa pembeni kunabaki, naye hawi katika giza kabisa. Anaweza kutembea, kulisha kuku, kuchota maji, kukaa na wajukuu.

Mfundishe kutazama kando kidogo ya kitu, ili akione kwa sehemu nzima ya retina. Mwandikie kwa herufi kubwa nyeusi juu ya karatasi nyeupe. Mkalishe karibu na dirisha. Kioo cha kukuzia kinasaidia. Ugali mweupe uweke kwenye sahani ya rangi, maana ugali mweupe katika sahani nyeupe hauoni. Na ukimsalimia, jitaje jina: "Shikamoo babu, ni mimi mjukuu wako fulani." Neno moja hili linamwondolea aibu kubwa.

KISUKARI NACHO

Mwenye kisukari sukari yake ikipanda muda mrefu, vijishipa vya damu vya retina vinaharibika na kuvuja. Mwanzoni haoni dalili yoyote. Akija kuona madoa, mengi yamekwisha haribika. Mwenye kisukari apimwe macho kila mwaka, hata kama anaona vizuri.

MACHO MEKUNDU SIYO UCHAWI

Hapa tuseme bila kuficha. Katika baadhi ya sehemu za nchi yetu, hasa Usukumani, wapo bibi vikongwe waliouawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu. Watu walisema ni wachawi.

Ndugu wasomaji, bibi huyu amepika kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe miaka 50, ndani ya jiko lisilo na dirisha. Moshi umeingia machoni kila siku, asubuhi na jioni. Pengine pia ana vikope, ule ugonjwa unaogeuza kope ziingie ndani na kukwaruza jicho. Macho yatakosaje kuwa mekundu? Ulaji wako wewe na wanao ndio uliomtia wekundu huo. Anayestahili ni kupelekwa zahanati. Anayemnyoshea kidole ni mjinga wa jambo hili, na anayemwinulia panga ni muuaji.

Toboeni dirisha jikoni. Jengeni jiko sanifu lenye bomba la moshi. Nawisheni watoto nyuso kila siku ili vikope visiwaanze utotoni.

USITIE KITU HOVYO JICHONI

Utomvu wa majani, maziwa, mkojo, unga wa mizizi: vyote hivi tumeviona vikitiwa machoni. Vinaunguza kioo cha mbele, vinaleta kidonda, na kidonda kinaacha kovu jeupe. Hata dawa ya dukani usitie bila kupimwa. Matone mengine, yakitumiwa muda mrefu bila daktari, huleta mtoto wa jicho na presha ya macho. Wala usitumie matone ya jirani kwa kuwa yalimfaa yeye.

TUANZE WAPI?

Anza zahanati au kituo cha afya. Omba kupimwa macho, na ukihitaji, uandikiwe rufaa kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa. Hospitali kubwa kama KCMC ya Moshi, Bugando ya Mwanza, Muhimbili na CCBRT za Dar es Salaam zina madaktari bingwa wa macho. Pia mara kwa mara timu za macho huja wilayani kupima na kupasua. Mwulizeni mganga wa zahanati au mhudumu wa afya wa kijiji ni lini.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mtu wa miaka 60 na kuendelea kuwa ni mzee. Kabla ya safari, uliza kwa mtendaji wa kijiji na afisa ustawi wa jamii kuhusu utaratibu wa matibabu ya wazee wasio na uwezo, ili uende na barua inayotakiwa.

Lakini tunajua kikwazo kikubwa mara nyingi ni nauli na mtu wa kumsindikiza. Hapa ndipo kijiji kinapotakiwa. Kikundi cha kisomo kinaweza kuandika orodha ya wazee wote wasioona vizuri. Mnajua kuandika, basi andikeni: jina, umri, jicho gani, tangu lini. Pelekeni orodha hiyo zahanati. Wazee watano wakisafiri pamoja na kijana mmoja, gharama inapungua. Mtoto akisomeshwa tunachanga. Harusi tunachanga. Kwa nini tusichange nauli ya mzee aliyetulea?

Na wewe uliyeliacha gazeti kwa sababu ya macho, usiseme tena ni uzee tu, mpaka mtaalamu awe amekutazama. Kusoma ulikupata kwa jasho. Usikubali kukupoteza kwa kukosa kuuliza.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kuna tofauti gani kati ya mtoto wa jicho na presha ya macho? Ni upi unaotibika nuru ikarudi?
2. Kwa nini bibi anaweza kumwona kuku anayepita pembeni, lakini asiutambue uso wa mjukuu wake?
3. Kila mmoja ajipime kwa daftari la hesabu, jicho moja moja. Nani ameona mistari imepinda? Atakwenda lini zahanati?
4. Katika kijiji chetu kuna wazee wangapi wasioona vizuri? Nani ataandika orodha?
5. Jiko la nyumbani kwako lina dirisha? Kama halina, utalitoboa lini?